Phoebe Musimbi Atafuta Wifi Yake

Phoebe Musimbi alikuwa mtu wa kuuliza. Surua ilimpofusha akiwa bado hajaanza shule, na mama yake, mkulima wa huko Iguhu, alizoea kusema kwamba ugonjwa ule ulibeba macho ukaacha maswali. Kuku akibadilisha mlio, Phoebe aliuliza kaona nini. Mlango ukianza kukwaruza, aliuliza kama ni mbao imevimba au bawaba imelegea, na hakutulia mpaka aushike mwenyewe.

Alipomaliza shule ya wasioona alisomea kazi ya kupokea simu, akaajiriwa katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekaa kwenye swichibodi. Ukipiga simu, sauti yake ndiyo iliyokupokea, na mkono wake ndio uliokuunganisha na chumba ulichokitaka. Aliwajua watu kwa namna walivyovuta pumzi kabla ya kusema. Laini ikikatika, hakungoja fundi aje ndipo ajue tatizo liko wapi. Alianzia pale anapoweza kusikia kitu, akasogea kidogo kidogo hadi pale palipo kimya. Kisha simu za mkononi zikaenea, swichibodi ikafunikwa kitambaa, naye akahamishiwa mapokezi mpaka alipostaafu.

Sasa aliishi Amalemba, mtaa wa mjini humohumo, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Chumba cha mbele alimpangisha fundi cherehani aitwaye Chrispinus. Binti yake wa pekee, Mitchel, alifanya kazi Nakuru, na ndiye aliyempa laptopu yake ya zamani. Ilikuwa nzito na inajikokota, lakini Chepng'etich, rafiki yake tangu shuleni, ambaye naye haoni na ni mwalimu huko Kapsabet, alikuja akamwekea mfumo wa Linux, wenye sauti inayosoma kila kilichoandikwa kwenye skrini. Kwa mashine hiyo Phoebe alipata kazi mpya. Watafiti walimtumia mahojiano waliyorekodi, naye akayasikiliza na kuyaandika. Aliipenda kazi hiyo kupita kiasi, kwa sababu watu asiowajua walikuwa wanajibu maswali ambayo yeye mwenyewe asingethubutu kuwauliza.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa amemaliza kuandika maneno ya wakata miwa wa upande wa Butali. Kabla hajayatuma, mashine ikamwambia kuna masasisho ya programu yanangoja. Akakubali, akaenda kuosha vyombo, na aliporudi akaizima na kuiwasha upya. Ile sauti ikamkaribisha kama kawaida. Alipotaka kuingia mtandaoni, sauti ikasema hakuna mtandao. Akafungua orodha ya wifi. Alizoea kuikuta imejaa majina: la kwake, la jirani mwenye duka, la kanisa la ng'ambo ya barabara. Leo hapakuwa na jina hata moja. Hata neno lenyewe, wifi, halikuwa kwenye orodha.

"Haya," alisema peke yake, akavuta kiti karibu. "Umeenda wapi?"

Kazi ya watu hakuichelewesha. Alijaribu Bluetooth, akaikuta inafanya kazi, akarusha faili hadi kwenye simu yake na kulituma kutoka huko. Angeweza kuishia hapo na kuendelea na Jumamosi yake. Lakini swali lilikuwa limeshamkaa. Kama Bluetooth inasikika, mbona wifi haisikiki?

Akaanza vilevile alivyoanza zamani kazini. Simu yake ilikuwa imeshika mtandao wa kile kisanduku cha intaneti kilicho juu ya kabati, nayo ilileta habari bila shida. Basi kisanduku ni kizima. Akaibeba laptopu mpaka chini ya kabati, asije akawa mbali. Kimya. Akapapasa ubavu wa laptopu, akakipata kile kiswichi kidogo cha kuzimia na kuwashia wifi, akakisukuma huku na huku, akaiwasha mashine upya. Kimya bado. Tatizo lilikuwa ndani ya mashine yenyewe, na humo hakuwahi kuingia.

Akampigia Tyson, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na steji ya matatu.

"Mama Mitchel, hiyo ni kitu kidogo," Tyson alisema, honi na muziki vikisikika nyuma yake. "Pengine imefungwa tu. Fungua ile pahali ya kuandika amri. Andika eli, efu, kei, ai, eli mbili. Acha nafasi, uandike list."

Phoebe akaandika. Mashine ikamjibu kwamba haijui amri kama hiyo.

"Tyson, herufi ya kwanza ni gani? L ya Lumakanda ama R ya Rongai?"

"Ni eli, mama. Eli ya ledio."

Phoebe akacheka moyoni. Yeye naye ni Mluhya kama Tyson, na hiyo eli inayokaa mahali pa R aliifahamu tangu kwao. Kazi ya swichibodi ndiyo iliyomfundisha kuzitenganisha herufi hizo mbili, maana moja ikikosewa, mtu anapelekwa kwenye chumba kisicho chake. Akafuta L, akaweka R, na amri ikakubali: *rfkill list*. Sauti ikasoma kwamba Bluetooth ipo na haijafungwa. Wifi haikutajwa kabisa.

"Basi kadi ya wifi imeungua," Tyson alisema. "Lete Jumatatu nikuwekee ingine."

"Iungue saa ileile niliyosasisha mashine?"

"Inaweza, mama. Hizi vitu huunguanga tu."

Phoebe alimshukuru. Alipokata simu aliinamisha pua akanusa pembeni mwa mashine, akapata harufu ya vumbi lenye joto, basi. Mambo mawili yakitokea pamoja, aliona vigumu kuamini kwamba hayajuani. Akamwandikia Chepng'etich.

Simu ya Phoebe ilisoma ujumbe kwa sauti ya Kiswahili, na sauti hiyo haikuwa na habari za mtandao. Kila neno ililitamka kama lilivyoandikwa. Jibu la Chepng'etich lilipofika, ikatangaza kwa nguvu, na neno "wifi" ikalitamka kama mtu anayemtaja shemeji yake wa kike: "Pole sana. Wifi imepotea tangu lini?"

Cherehani kwenye chumba cha mbele ikanyamaza. Nyayo zikaja upesi hadi mlangoni.

"Mama Mitchel, wifi yako amepotea?" Chrispinus aliuliza. "Ni yule wa Iguhu?"

Phoebe alicheka mpaka akashika meza. "Si mke wa kaka yangu, fundi. Ni wifi ya kompyuta, waifai."

"Wooi! Mimi nilikuwa nishaanza kutafuta viatu."

Alikuwa bado amesimama pale Chepng'etich alipopiga simu. Phoebe akaiweka kwenye spika.

"Usikubali kuambiwa imeungua kabla hujaiuliza mashine yenyewe," Chepng'etich alisema. "Andika *lspci*. Inaanza na L."

"L kweli, ama L ya redio?"

"Mimi ni Mnandi, Musimbi. L yangu ni L."

Mashine ikasoma orodha ndefu ya vipande vilivyomo ndani yake. Phoebe aliinamisha kichwa. Karibu na mwisho akasikia jina la kadi ya mtandao usiotumia waya, refu, lenye namba nyingi.

"Ipo!" alisema. "Imejitaja jina!"

"Basi haijaungua. Sasa rudia amri ileile, uongeze kistari na herufi k. Itakwambia kila kipande kinaendeshwa na programu gani."

Safari hii sauti ilitaja kipande, kisha kiendeshi chake. Kadi ya sauti ilikuwa na chake. Kadi ya mtandao wa waya ilikuwa na chake. Ilipofika kadi ya wifi, ikasoma jina lake refu, kisha ikaruka moja kwa moja hadi kipande kinachofuata.

"Rudia," Chepng'etich alisema.

Phoebe akarudia. Ikaruka tena.

"Gari iko, dereva hayuko," Chrispinus alisema kutoka mlangoni.

"Ndivyo hasa," Chepng'etich akajibu. "Huyo ni nani?"

"Ni Chrispinus, mpangaji wangu. Fundi cherehani."

"Fundi, umesema vizuri. Sasa tujue dereva ameenda wapi." Akaeleza kwamba masasisho ya asubuhi yaelekea yalileta kiini kipya, yaani ile sehemu ya Linux inayosimamia kila kitu ndani ya mashine. Kiini cha zamani hakifutwi papo hapo, huwekwa akiba. "Ukiiwasha mashine kwa kiini cha zamani, wifi ikarudi, utakuwa umejua kosa liko kwenye kipya. Isiporudi, tutafute kwingine."

"Nakiwashaje?"

Chepng'etich akajibu: "Hapo ndipo penye kazi. Mashine ikianza kuwaka unashikilia kitufe cha Shift, inatokea menyu ya kuchagua. Lakini menyu hiyo inakuja kabla sauti haijaamka. Mimi huita mwalimu mwenzangu anisomee."

Siku zote Phoebe aliamini mashine huamka ikianza kusema. Hakujua kwamba kabla ya neno lake la kwanza huwa imeshazungumza na wenye macho.

"Inasemaje hapo?" aliuliza.

"Sijui. Mimi pia sijawahi kuiona."

Wakacheka wote wawili, lakini Phoebe alihisi kitu kikimchoma, kama mtu aliyegundua kwamba kuna chumba nyumbani mwake ambacho hajawahi kuingia.

"Fundi," akaita, "unaweza kunisomea?"

"Kizungu?"

"Ndiyo."

"Mimi niliachia shule darasa la nane, na ile Kizungu nilikuwa nayo imeisha. Lakini herufi nazijua zote."

Kabla hawajaanza, mvua ya mchana ikashuka. Kakamega mvua ikianza mchana haibishi hodi. Ilipiga mabati kwa mawe ya barafu, radi ikafuata, na Phoebe akachomoa waya wa umeme haraka. Hata sauti ya mashine hakuisikia tena. Akaweka maji jikoni, wakanywa chai na viazi vitamu vilivyolala, wakisemezana kwa kupaza sauti kana kwamba mmoja yuko ng'ambo ya mto.

"Hiyo sauti inaongeanga mbio hivyo na unaelewa?" Chrispinus aliuliza.

"Naelewa. Nikiipunguza mwendo nasinzia. Na wewe, cherehani yako mbona inagonga pembeni?"

"Umesikia? Nilifikiri ni mimi tu. Sindano imepinda."

"Nimeisikia tangu jana."

Chrispinus alicheka, akaenda kubadilisha sindano huku wakingoja. Mvua ilipopungua ikabaki kudondoka kwenye mapipa, akarudi na kukaa karibu na skrini, magoti pamoja, kama mtu aliyeitwa kuwa shahidi.

Mara ya kwanza Phoebe alichelewa kukishika kitufe.

"Naona kaduara kanazunguka," Chrispinus alisema.

"Basi imepita. Tuanze tena."

Mara ya pili alikishikilia mapema, kabla hata feni haijavuma.

"Imekuja! Yote ni nyeusi, na maandishi meupe."

"Nisomee."

"Ya juu kabisa imewekewa mwanga. Ya pili inaanza A, D, V, A, N..."

"Hiyo ndiyo, ya chaguo za ziada. Nikibonyeza hivi, mwanga umeshuka?"

"Umeshuka. Uko kwa ya pili."

Phoebe akabonyeza Enter. Chrispinus akasema sasa kuna mistari minne, na yote inafanana. Phoebe akamwomba asome namba tu. Alizisoma taratibu, kila tarakimu kwa kituo chake, kama anavyosoma kiuno cha mteja kwenye utepe, na Phoebe akagundua kwamba mistari miwili ya juu ilikuwa na namba ileile, na miwili ya chini ilikuwa na nyingine iliyo ndogo. Ndogo ndiyo ya zamani. Akauliza kama mistari hiyo miwili ya chini ina tofauti yoyote.

"Ya mwisho kabisa imeongezewa maneno kwa mabano."

"Hiyo ni ya dharura, tuiache. Nipeleke kwa ya tatu."

"Shuka moja. Shuka tena. Hapo. Hapohapo, usiguse!"

Akabonyeza. Wakangoja. Feni ikapanda, ikatulia. Ile sauti ikamkaribisha Phoebe, na kabla hajagusa chochote, ikaongeza maneno ambayo hakuwahi kuyasikiliza kwa makini tangu apewe mashine ile: mtandao umeunganishwa.

"Wifi amerudi!" Chrispinus akapiga makofi.

Phoebe naye alipiga meza kwa kiganja. Alifungua orodha akaisikiliza yote kwa raha, jina la kwake, la duka, la kanisa, kisha akarudia tena kuisikiliza. Akampigia Chepng'etich, simu ikiwa kwenye spika.

"Imerudi. Kwa hiyo kiini kipya hakina dereva. Kwa nini?"

"Unataka kulala na mtandao, ama unataka kujua?"

"Nataka kujua."

Chepng'etich akamweleza kwamba viendeshi vingi hukaa ndani ya kiini, lakini cha kadi kama yake hakikai humo. Hutengenezwa upya kila kiini kinapobadilika, kwa kufuata faili zinazoeleza kiini hicho kimejengwaje. Faili hizo zisipokuwepo, hakuna kitu cha kufuata, na kiendeshi hakitengenezwi.

"Ni kama vipimo," Chrispinus alisema. "Umeniletea mteja mpya. Nguo ya yule wa kwanza haimwingii, na hii ya kwake sijaikata kwa sababu hakuna mtu amempima."

"Sasa tumpime," Phoebe alisema.

Aliandika amri ya kuleta faili hizo. Mashine ikajibu kwamba tayari anazo. Phoebe akashangaa, akairudia, ikajibu vilevile. Alikaa akiwaza huku vidole vikigusa vitufe bila kuvibonyeza. Kisha akaiambia mashine isome namba ya kile kifurushi cha faili pole pole, na akakuta ni namba ya kiini cha zamani. Mashine ilikuwa imeulizwa habari za kiini kinachowaka wakati ule, nayo ikajibu kweli tupu. Chepng'etich akaelewa upesi. Siku ile walipoweka mfumo, walileta faili za kiini cha siku ile tu, hawakuweka kifurushi kinachofuatana na kila kiini kipya kinapokuja.

Safari hii Phoebe aliitaja namba ya kiini kipya, na baadaye akakiweka na kile kifurushi kilichosahauliwa. Mashine ikashusha faili, kisha ikaanza kusoma, mstari kwa mstari, kwamba inatengeneza kiendeshi. Ilipomaliza akaizima, akaiwasha bila kushika kitufe chochote. Sauti ikamkaribisha. Mtandao ukaunganishwa. Bado hakuamini, akaiuliza mashine inatumia kiini gani, ikamtajia kile kipya.

Chrispinus alirudi kwenye cherehani yake. Suruali ya mwalimu mmoja wa Lurambi ilikuwa bado inangoja pindo.

Jumatatu Phoebe alimpigia Tyson, kwa sababu alitaka kumweleza alichokikuta. Tyson alisikiliza, akamwomba arudie pole pole.

"Mama, hapa kwa meza nina laptopu ya mtu iko hivyohivyo," alisema mwishowe. "Nilikuwa namwambia anunue kadi. Hebu nijaribu kwanza."

Jioni akatuma ujumbe kwamba hiyo nayo imepona, na kwamba sasa anajua ni R.

Lakini ile menyu ya kimya haikumtoka Phoebe. Kila alipoiwasha mashine alihesabu zile sekunde zisizo na sauti akijua kuna jambo linaendelea bila yeye. Akamwuliza Chepng'etich kama kuna njia ya kuifanya iseme. Chepng'etich hakuijua. Basi Phoebe akaanza kusoma mwenyewe, jioni baada ya kazi, kurasa za Kiingereza zilizoandikwa na watu wasiokuwa na subira ya kueleza. Nyingi hazikumfaa. Moja ilimharibia mpangilio mpaka akamwita tena Chrispinus amsomee skrini. Mwishowe, ndani ya faili la mipangilio lililokuwa kwenye mashine yake muda wote, akaukuta mstari mmoja uliozimwa kwa alama iliyowekwa mbele yake, ambao kazi yake ni kuiamuru menyu ilie inapotokea. Haikuweza kusoma maneno, lakini kulia iliweza. Akaiondoa alama, akaiongezea menyu muda wa kungoja, akahifadhi, akaizima mashine.

Alipoiwasha, ikalia: piii.

Akashuka mara moja, Enter. Akashuka mara mbili, Enter. Hakumwita mtu. Sauti ilipoamka akaiuliza inatumia kiini gani, ikamtajia cha zamani. Akaizima, akairudisha kwenye kipya, akafanya tena vilevile kwa sababu tu aliweza.

Usiku haujaingia akampigia Chepng'etich, akasogeza simu kwenye laptopu ili aisikie. Chepng'etich alitaka kujua mstari uko wapi, unaandikwaje, namba zinazopanga ule mlio zina maana gani. Phoebe akamsomea herufi kwa herufi, bila haraka, kama mtu aliyeketi tena kazini.

Kesho yake mchana simu ikalia. Alipoipokea, Chepng'etich hakusalimia. Phoebe alisikia feni ya kompyuta ikivuma huko Kapsabet, kisha milio mitatu: mmoja chini, mmoja juu, mmoja juu zaidi.

"We!" Phoebe alisema, akivuta kiti. "Mitatu? Umefanyaje ikalia mitatu?"